Kufunga GPS kwenye gari mwenyewe: nyaya nne, laini moja, na rilei inayotaka utulivu

Ukifungua boksi la GPS ya gari ya bei ya kawaida, tuseme GT06N au ndugu zake, unakuta kifaa kidogo cheusi, rilei (swichi ya umeme ya kuzuia gari lisiwake), na nyaya nne za kazi: mwekundu, mweusi, wa rangi ya machungwa na wa njano. Kuna na vipande vingine, maiki na kitufe cha dharura, ambavyo unaweza kuviacha humohumo kwenye boksi.

Wengi hudhani ugumu uko kwenye kujua waya upi uende wapi. Hilo unalimaliza na mita ndani ya nusu saa. Kinachoangusha GPS nyingi ni viungo: waya uliosokotwa kwa vidole ukazungushiwa solotepu, eathi (waya wa hasi) iliyobanwa juu ya rangi, bando lililoisha Jumapili usiku. Vifaa vyenyewe hufa mara chache. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye viungo na kwenye rilei, na kwingine nitapita haraka.

Mfano wangu ni Toyota IST ya petroli, gia za otomatiki, ufunguo wa kuzungusha. Magari mengine nitayagusa mbele. Kama unalo basi la abiria la masafa marefu Tanzania, kazi hii si yako: LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ina mfumo wake wa kufuatilia mabasi, VTS, na kifaa chake hufungwa na msambazaji aliyeidhinishwa.

Anzia mezani, gari liache kwanza

Satelaiti haikuoni. Zile za GPS, zinazozunguka kwenye kimo cha kama kilomita 20,200, kazi yao ni kutuma mawimbi. Kifaa chako kinasikiliza, na kikizisikia nne au zaidi kinajua kilipo. Kukupa wewe habari ni kazi ya laini ya simu. Ndiyo maana gari likipita porini pasipo na mtandao linapotea kwenye ramani ingawa kifaa kinajua vizuri kilipo. Vifaa vingi huhifadhi pointi hizo na kuzimwaga zote mtandao ukirudi.

Weka laini kwenye simu ya kawaida kwanza. Ondoa PIN, maana GPS haina vidole vya kuiandika. Hakikisha inatuma na kupokea meseji, na intaneti inafunguka. Laini iwe imesajiliwa kwa jina lako. Si la fundi wala la dereva, kwa sababu mwenye laini ndiye anayeweza kuirudisha ikipotea. Kuhusu bando, GPS haili sana: ikituma pointi kila sekunde 10 kwa saa nane kwa siku, ni pointi 2,880, na kila moja ina uzito wa kama baiti mia moja hivi. Mwezi mzima hauzidi MB makumi machache. Usinunue bando kubwa la wiki. Nunua dogo la mwezi, na uandike tarehe yake mahali utakapoiona.

Sasa chomeka laini kwenye kifaa, kisha kipe umeme wa betri ya volti 12: mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Kitoe uwanjani au kiweke dirishani. Mara ya kwanza kinaweza kuchukua dakika kadhaa kupata satelaiti, kwa hiyo kunywa chai. Kikishapata mtandao, kitumie meseji za kukipangia. Kwa familia ya GT06N zinaonekana hivi:

APN,internet#
SERVER,1,jina-la-seva,5023,0#
GMT,E,0,0#
STATUS#

Ya kwanza inataja APN ya mtandao wako, yaani jina la mlango wa intaneti wa kampuni ya simu. Safaricom, kwa mfano, ni safaricom. Ya pili inakiambia kitume habari wapi. 5023 ni mlango ambao Traccar, programu huria ya ramani za magari, huutumia kwa vifaa vya aina hii. Ya tatu ina mtego wake. Watu wa Afrika Mashariki huweka E,3 wakifikiri wanasaidia, kumbe Traccar inatarajia saa ya UTC (saa ya dunia, bila nyongeza) na yenyewe inaongeza tatu. Matokeo yake ramani inaonyesha safari za gari lako kwa muda uliotangulia saa tatu nzima, na mwenye gari anaanza kugombana na dereva kwa safari ambayo haijafanyika. Ya nne inarudisha hali ya kifaa: betri, mtandao, satelaiti. Kama kijitabu chako kina maandishi tofauti, fuata kijitabu.

Badilisha nywila ya kiwandani hapohapo. Julai 2022 wakala wa usalama wa mitandao wa Marekani, CISA, pamoja na kampuni ya BitSight walitangaza mianya kwenye GPS ya MiCODUS MV720 iliyomwezesha mtu wa mbali kufuatilia gari la mwingine na hata kulikatia mafuta. Mmoja wa mianya hiyo ulikuwa nywila iliyojengwa ndani ya mfumo, na vifaa vilitoka kiwandani na 123456. Sasa fikiria nywila hiyo iko kwenye kitu kilichofungwa katika waya wa stata yako.

Andika IMEI, zile tarakimu 15 kwenye lebo, na uisajili kwenye programu ya ramani. Kifaa kikionekana kwenye ramani kikiwa bado mezani, umeshaondoa nusu ya matatizo yatakayokusumbua kesho. Kisichofanya kazi mezani hakitafanya kazi ndani ya dashibodi.

Vifaa vya mkononi

Mita ya umeme ya dijitali, hata ya bei nafuu. Bisibisi na kisu cha plastiki cha kubandulia makava, ili usichane dashibodi ya watu. Koleo la kumenyea waya, chuma cha risasi na risasi yake, mipira ya kusinyaa kwa moto, tepu ya kitambaa, mikanda ya plastiki. Fyuzi ya ampea 1 au 2 na kishikio chake. Taa ya kujaribia, ile ya balbu na sindano, iache nyumbani: balbu inavuta umeme wa kutosha kuumiza saketi za kompyuta, na ukiigusisha kwenye waya wa mifuko ya hewa unaweza kuifyatua usoni.

Katika gari lenye mifuko ya hewa, nyaya zake hufungwa kwenye soketi na ala za njano. Chochote chenye ala ya njano chini ya usukani, usikiguse hata kwa mita.

Mahali pa kukificha

Mawimbi ya GPS hupita plastiki, kitambaa na kioo cha kawaida. Hayapiti bati. Kwa hiyo upande wenye antena, ambao mara nyingi ndio wenye maandishi, utazame juu, na juu yake kusiwe na chuma. Nyuma ya saa za dashibodi panafaa, na juu ya droo ya abiria panafaa. Jiepushe na bomba la hita, na nyuma ya redio usipazoee: ndipo mwizi anapoanza kutafuta, na ndipo fundi redio anapoanza kukata. Kifunge kwa mikanda kisicheze. Kifaa kinachoning'inia kwa waya wake kitakata waya huo chenyewe baada ya miezi kadhaa ya barabara ya vumbi.

Kutafuta nyaya tatu

Toa kava la chini ya usukani. Kwenye IST ni skrubu chache na klipu. Utaona kifurushi cha nyaya kinachotoka kwenye swichi ya ufunguo. Usiamini rangi, na usiamini mchoro wa gari la jirani. Amini mita.

Waya mweusi wa mita ubane kwenye chuma tupu cha bodi. Mwekundu pima nao waya mmoja mmoja, ufunguo ukiwa umetolewa. Unaosoma kama volti 12.4 hadi 12.7 muda wote ni umeme wa kudumu: huo ndio utakaolisha waya mwekundu wa GPS, kupitia fyuzi yako. Sasa weka ufunguo kwenye ON. Waya uliokuwa sifuri na sasa umepanda hadi 12 ni wa swichi. Lakini nyaya za namna hiyo ni mbili au zaidi, na tofauti yake huonekana vizuri unapopiga stata. Mwambie mtu apige stata huku ukitazama mita. Ule unaodondoka hadi sifuri wakati stata inazunguka ni wa ACC, yaani wa redio na vitu vidogo. Ule unaobaki na umeme, hata kama umeshuka kidogo, ni wa IG, yaani wa kuwasha injini. Waya wa machungwa wa GPS uunge kwenye IG, uwe unajua gari limewashwa kweli na si mtu anayesikiliza redio. Ziwekee nyaya hizo mbili alama za tepu. Tofauti yake itarudi kwenye rilei.

Waya mweusi, yaani eathi, ndio unaodharauliwa kuliko wote. Gari langu la kwanza kulifunga, niliubana kwenye boliti moja zuri, limepakwa rangi ya bodi, nikaridhika. Gari lilikuwa linapotea kwenye ramani kila mwenye nalo akiwasha AC. Nililaumu mtandao wa simu wiki mbili nzima. Kumbe boliti lilishika rangi, chuma halikukigusa. Kwangua hadi chuma king'ae, tumia kishikio cha pete, kaza, kisha paka grisi kidogo isishike kutu. Kabla ya kuunga, pima volti kati ya hapo na nguzo hasi ya betri, gari likiwa linaunguruma na taa zote zimewashwa. Ukiona zaidi ya volti 0.1 au 0.2, tafuta mahali pengine.

Viungo

Toa ufunguo, fungua nguzo hasi ya betri, na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kuingiza mikono karibu na usukani, ndio muda ambao Toyota wenyewe huutaka ili umeme wa mifuko ya hewa uishe. Redio itasahau stesheni zake. Mwambie mwenye gari mapema.

Menya ala ya waya wa gari kwa kama sentimita moja, bila kuukata. Tenganisha nyuzi zake katikati ziwe kama tundu la sindano, pitisha waya wa GPS humo, uuzungushe, kisha uchome risasi. Risasi iliyoshika vizuri inang'aa na kuingia ndani ya nyuzi. Iliyokaa juu kama tone la ugali haijashika. Zungushia tepu ya kitambaa kwa kukaza. Pale unapounga ncha kwa ncha, vaa mpira wa kusinyaa kwanza kabla ya kuchoma. Kila mtu huusahau mara moja maishani.

Vile vibanio vya plastiki vya kubana bila kumenya navikataa. Vinafanya kazi siku ya kwanza na vinafanya kazi ya pili. Baada ya masika moja, ulimi wake umeshika kutu, na gari linaanza kuonekana na kupotea kama mdeni.

Kama kazi ya risasi huiwezi, chukua umeme kwenye kisanduku cha fyuzi kwa kipachiko chenye nafasi mbili za fyuzi. Ni safi na kinatoka bila kuacha alama, ila mwizi naye anakiona mara moja.

Unga eathi kwanza, kisha wa machungwa, na mwekundu uwe wa mwisho. Fyuzi ikae karibu na mahali unapochukua umeme, isikae karibu na GPS: kazi yake ni kulinda waya wote, waya ukichubuka katikati.

Rilei: kata stata, pampu iache

Hapa ndipo watu hutofautiana, na mimi nina upande. Mafundi wengi hukata waya wa pampu ya mafuta, kwa sababu gari linazima hata likiwa linatembea. Mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kutoukata. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito, na kanyagio la breki linabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu kabla ya kuwa gumu kama jiwe. Sasa weka hali hiyo kwenye mteremko wa Kitonga, lori nyuma. Na mkataji si lazima awe wewe: kiungo kibovu cha rilei kinakata vilevile. Ukikata stata, gari linalotembea linaendelea kutembea. Likizimwa ndipo haliwaki tena. Vifaa vya GT06N vyenyewe huchelewesha amri ya kukata hadi mwendo uwe chini ya kilomita 20 kwa saa, lakini ulinzi huo hauzuii waya kuchomoka.

Rilei ina namba miguuni. 85 na 86 ni koili. 30 na 87a zimegusana rilei ikiwa imelala, na huachana koili ikipata umeme. Tafuta waya wa stata kwenye kifurushi cha ufunguo: unasoma sifuri kila mahali isipokuwa wakati wa kupiga stata. Ukate. Ncha moja iunge 30, nyingine 87a. Hivyo hata rilei ikifa, gari linawaka.

85 unaunga na waya wa njano wa GPS, ambao ukipewa amri hujifanya eathi. 86 unahitaji umeme, na hapo ndipo zile alama za tepu zinapofaa. Uunge kwenye IG, usiuunge kwenye ACC. Ukiuunga ACC, kila kitu kitaonekana sawa, meseji itajibu kwamba gari limekatwa, rilei itabofya kabisa. Mwizi akipiga stata, ACC inadondoka, koili inakosa umeme, 30 na 87a zinarudiana, na gari linawaka kama kawaida. Nimefungua magari yaliyofungwa hivyo, na wenye magari walikuwa na imani kamili.

Kama rilei haina diodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani yake, weka moja ya 1N4007 kati ya 85 na 86, mstari wake ukielekea 86. Koili ikiachiwa hutoa mshtuko wa umeme unaoweza kuua mguu wa njano wa GPS.

Gari la gia za mkono lina kasoro moja kwa mpango huu: linasukumwa na kuwaka. Bado napendelea stata. Dizeli nyingi za zamani zenye pampu ya kimakenika, swichi ikizimwa, huzimwa na solenoidi ya mafuta (valvu ya umeme) pale kwenye pampu, kwa hiyo anayetaka kukata mafuta hukata waya wa solenoidi hiyo. Magari ya kubonyeza kitufe na dizeli za kisasa, yafungie kuonekana tu, bila rilei, isipokuwa unayo michoro yake.

Magari yasiyofanana na IST

Fuso, Scania na wenzake ni volti 24. Soma nyuma ya GPS: iliyoandikwa 9–36V inaweza kukaa kote. Rilei haina uvumilivu huo. Ya volti 12 kwenye 24 inapata joto hadi inayeyuka. Nunua ya 24.

Kwenye haibridi kama Aqua na Prius, nyaya nene za rangi ya machungwa zina umeme wa mamia ya volti. Hazina undugu na waya mwembamba wa machungwa wa GPS yako. Usizisogelee.

Bodaboda inataka kifaa kisichoingia maji, na betri yake ndogo haivumilii kifaa kisicholala. Hata kwenye gari piga hesabu: kifaa kikila miliampea 50 muda wote, ni ampea-saa 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi. Betri ndogo ya gari iliyoachwa uwani mwezi mzima haitapiga stata. Washa hali ya kulala kwenye mipangilio.

Kujaribu kabla ya kurudisha makava

Rudisha nguzo ya betri. Washa gari, ramani iseme limewashwa. Zima, iseme limezimwa. Zunguka mtaa, uone kama mstari unafuata barabara au unapita juu ya nyumba za watu. Mstari unaoruka unamaanisha chuma kiko juu ya kifaa. Simamisha gari, zima, tuma RELAY,1# na usubiri jibu. Weka ON, piga stata: kimya. Rudia mara tatu, maana kosa la ACC huonekana hapa. Kisha RELAY,0#, na liwake. Chomoa fyuzi yako: ndani ya muda mfupi upate taarifa kwamba umeme umekatwa, na kifaa kiendelee kwa betri yake ya ndani.

Dereva wako mwambie kuna GPS. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina ya kwake ya 2019, na mahali alipo mtu ni taarifa yake. Mahali ulipokificha hahitaji kupajua.

Piga picha kila kiungo kabla ya kufunika, na uandike rilei iko wapi na inakata waya gani. Karatasi hiyo ikae nyumbani. Mwaka ujao gari litagoma kuwaka asubuhi moja, na fundi wa mtaani atakuambia stata imekufa, ununue nyingine. Kabla hujatoa hela, tuma RELAY,0#. Lisipowaka, unganisha 30 na 87a kwa kipande cha waya mnene na upige stata. Likiwaka, tatizo ni rilei au kiungo chake, na stata yako ni nzima.